Mlango wa Saruli

Nyumbu wangu Bijuli amebeba mahujaji miaka tisa,
wanene kwa wembamba, na mmoja aliyelia njia nzima
akiogopa bonde. Dengu hajawahi kubeba.
Leo kabeba kilo sitini, na chumvi, na viberiti
nilivyovifunga kwa nailoni mara tatu,
na amelaza masikio kama aliyeshushwa cheo.

Mto ulikuja saa nane usiku.
Wa Dhunali wanasema haukuvuma, ulinuka kwanza:
harufu ya shamba lililolimwa gizani.
Kisha mawe yakaanza kugongana huko juu
kama watu wanaohama na vyombo bila kuaga.
Asubuhi daraja halikuwepo,
wala shule, wala duka la Kundan,
wala Kundan.

Huku chini, kwenye stendi ya mabasi, tulichambua misaada.
Watu wa mijini wana huruma, Mungu awalipe,
lakini nani aliyetuma tai?
Nani aliyetuma kiatu cha kisigino kirefu, cha kushoto pekee?
Ishwari, anayesomea ufamasia,
akaivaa ile tai juu ya koti la mvua:
"Kuanzia sasa mimi ni meneja wa mafuriko."
Tukacheka mpaka tukaona haya,
tukarudi kufunga mizigo.

Tulipanda watu kumi na mmoja.
Mwanajeshi mstaafu. Mpishi wa hoteli iliyofungwa.
Vijana waliokuja na pikipiki kutoka Dehradun,
makoleo yao mapya, karatasi za bei hazijabanduliwa.
Penye njia tulipita njia.
Penye pengo tulipita kamba na mbao mbili,
na hapo Bijuli akagoma, kwato zimeota mizizi.
Ishwari akavua tai bila neno,
nikamfunga nyumbu macho,
akavuka.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema.
Sisi tuliyazoa. Siku mbili, kwa makoleo na karai,
maji yaliyokwisha kugeuka mlima,
tukayatoa jikoni mwa watu, tukayatoa zizini,
tukayatoa katikati ya kurasa
za daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tatu
aliyekuwa amepata nane kwa kumi.

Kisha Saruli.
Nyumba yake ilikatwa kama mkate.
Ukuta wa mbele umesalia, na mlango, na kufuli;
nyuma ya mlango, sakafu hatua nne,
baada ya hapo hewa.
Chini kabisa mto, mwembamba sasa, unang'aa
kama aliyesingiziwa.

Mpishi, gunia begani, akazungukia pembeni
palipokuwa ukuta.
"Wewe! Kwenu hukufunzwa?"
Bibi akachomoa ufunguo kifuani.
Kufuli ilikuwa imejaa mchanga. Akaitemea mate,
akaipuliza, akaigonga kwa jiwe,
nasi tumesimama mvuani kama washenga
mpaka ikakubali.
"Karibuni," akasema. Halafu, "Viatu."

Tukavua viatu, watu kumi na mmoja,
tukapita mmoja mmoja tukiinama
maana mlango wenyewe ni mfupi,
tukaingia katika mvua ileile.

Akatuomba radhi kwa kukosa chai.
Akamwonyesha mwenye turubai pa kufungia kamba,
si hapo, hapo, hapo pana upepo.
Akauliza kama Kundan ameonekana.
Mwanajeshi akatazama soksi zake.

Tulipoanza kushuka, magunia matupu mgongoni,
nilisikia nyuma yangu kufuli ikibana.

Kesho ni mafuta ya taa, dawa za kuhara,
misumari, na kamba zaidi.
Ishwari ameandika majani ya chai juu ya vyote
akayapigia mstari.
Tai hajaidai. Bijuli analala nayo.